Chanzo cha Mauaji ya Vikongwe Usukumani



Kila zinapofika habari kwamba huko Marekani mtu ameingia na bunduki katika shule au dukani akaua watoto na watu ambao hata hawajui, wenzetu hutuuliza: Je, taifa lenye elimu na mali kiasi kile limepatwa na nini? Wamarekani wenyewe wamegawanyika katika jibu. Wako wasemao kwamba bunduki ndiyo chanzo, na wako wasemao kwamba bunduki ni chuma tu, bali kinachoua ni moyo wa mtu. Katiba yao, kwa nyongeza yake ya pili iliyothibitishwa mwaka 1791, inalinda haki ya raia kuwa na silaha. Na makadirio ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba bunduki zilizo mikononi mwa raia zilikuwa nyingi kuliko raia wenyewe. Mwaka 2021 waliokufa kwa risasi nchini humo walikuwa 48,830, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Hasira, wivu na huzuni vimo katika kila nchi duniani, lakini mahali ambapo bunduki imo katika mtoto wa meza, hasira ya dakika moja yatosha kutoa roho. Basi asidai mtu kwamba silaha haina neno.

Hata hivyo hatuandiki makala hii ili kuwahukumu Wamarekani. Swali lile lile tunalo nyumbani kwetu, nalo limekuja katika sura nyingine. Katika Usukuma, yaani sehemu za Shinyanga, Mwanza, Simiyu na Geita, maelfu ya watu wameuawa pasipo bunduki. Wameuawa kwa panga, chombo kilicho nyuma ya mlango wa kila mkulima, ambacho hakuna serikali iwezayo kukipiga marufuku, kwani ndicho anachofyekea shamba na kukatia kuni. Kwa hiyo hapa kwetu haiwezekani kuilaumu silaha na kumaliza maneno. Hatuna budi kuuliza ni kitu gani kilichouinua mkono.

Hesabu zilizokusanywa na serikali zilionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa katika Tanzania Bara kwa mambo yanayohusiana na imani ya uchawi. Wanaume walikuwa 1,407 na wanawake 2,286, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Usukumani. Wanawake wazee ndio walioandamwa zaidi. Wala mambo hayakuishia hapo, kwani katika miaka ya 2000 na ya 2010 watetezi wa haki za binadamu waliendelea kuhesabu mamia ya watu waliouawa hivyo mwaka hata mwaka.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1976 ilifanywa operesheni kali katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ili kuwanasa wauaji. Lakini baadhi ya maofisa waliwatesa watuhumiwa ili wakiri, na watu wakafa mikononi mwao. Aibu hiyo ilikuwa kubwa hata Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye hakuwatesa wala kuagiza wateswe, akajiuzulu mwaka 1977 kwa kuwa jambo lilitokea chini ya wizara yake. Wengi humsifu Mzee Mwinyi kwa kitendo hicho, nao wana haki. Lakini yafaa tutazame pia kosa la wale maofisa, maana ni kosa la wanakijiji wenyewe katika vazi lingine: walimshuku mtu kwanza, kisha wakatafuta namna ya kumfanya awe mkosaji.

Nini, au nani?

Tufuate sasa jambo hili tangu mwanzo wake. Mtoto anafariki usiku. Huenda ni malaria iliyopanda kichwani, huenda ni homa ya mapafu, huenda ni kuhara kulikokausha maji ya mwili. Magonjwa haya sababu zake zinajulikana na dawa zake zipo. Lakini msibani haiulizwi, “Ameuawa na nini?” Huulizwa, “Ameuawa na nani?” Tazama sana, ndugu msomaji, tofauti ya maneno haya mawili. Anayeuliza “nini” atafika kwa daktari, au kwenye dimbwi la mbu, au kisimani penye maji machafu. Anayeuliza “nani” atafika mlangoni kwa mtu, hana pengine pa kufika. Mtu huyo amekwisha hukumiwa kabla hajajulikana jina lake. Kilichobaki ni kumtafuta tu.

Wa kumtafuta ni mpiga ramli. Awe ni yule asomaye matumbo ya kuku, au atazamaye maji au kioo, mara nyingi yeye hataji jina. Husema: “Namwona mwanamke. Si wa mbali. Ni mtu mzima, na mmekwisha kula naye.” Katika kijiji chochote, ni nani asiye na jirani wa namna hiyo? Jina hutoka kinywani mwa mteja, naye hurudi nyumbani akiamini kwamba ameambiwa, hali yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Ndiyo maana ramli haikosei kamwe machoni pa wateja wake. Humpa kila mmoja adui ambaye alikuja naye moyoni.

Kisha hutafutwa dalili, na dalili iliyo mashuhuri kuliko zote ni macho mekundu. Hapa hatuna budi kukaa kidogo, kwa sababu macho hayo yana historia yake, na historia hiyo haina uchawi hata chembe. Shinyanga ilikuwa nchi ya miti. Tangu zama za ukoloni misitu ilifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o waletao malale, ikafyekwa tena kwa ajili ya mashamba ya pamba, na makundi makubwa ya ng'ombe yakamaliza yaliyosalia. Hali ilikuwa mbaya hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, kuwasaidia wananchi waiotesha miti tena na kuhifadhi ngitili zao kama walivyofanya wazee. Mahali pasipo kuni mwanamke hupikia nini? Hupikia mabua, vijiti vya pamba, na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake ni mkali. Mwanamke aliyeinamia moshi huo ndani ya jiko lisilo na dirisha tangu akiwa msichana hata akafikia miaka sabini, macho yake yatakuwa mekundu, na kama alipata ugonjwa wa vikope ndiyo zaidi. Basi macho yale ambayo kijiji kinayaita ushahidi wa uchawi ni ushahidi kwamba amekipikia kijiji hicho kwa miaka sitini.

Je, kwa nini awe kikongwe, na hasa mjane? Wataalamu wametoa sababu nyingi. Wengine wamesema kwamba kuhamishiwa vijijini mwaka 1974 kuliwakusanya pamoja watu waliozoea kuishi mbalimbali, kila mji na mashamba yake, hivyo wivu na ugomvi vikapata watu wa karibu wa kuvimalizia. Sisi twaona kwamba sababu iliyo nzito zaidi ni nyepesi kuitaja: mjane ana shamba, na hana mtetezi. Wana wamekwenda mjini au machimboni. Mtoto wa shemeji anataka kulima pale. Kumshtaki bibi katika baraza la ardhi kwahitaji hoja na mashahidi, bali kumwita mchawi hakuhitaji kitu. Ndipo huitwa wale vijana waitwao wakata mapanga, ambao hawana ugomvi wowote na marehemu. Hulipwa fedha au ng'ombe, huja usiku, huondoka. Asubuhi kijiji chote kitasema hakikusikia. Hatusemi kwamba kila mauaji yalitokana na tamaa ya shamba. Wako waliofanya hivyo wakiamini kabisa kwamba wanalipiza kisasi cha mtoto wao. Lakini mwenye tamaa na mwenye kuamini hupita njia moja, na tamaa hujificha vizuri sana nyuma ya imani ya watu wengine.

Funzo la Sungusungu

Huenda msomaji akasema kwamba dawa ni nguvu na ulinzi. Usukuma umelijaribu hilo pia, na matokeo yake yanafaa kusomwa na kila mtu anayebishana juu ya silaha, hata kama yuko Chicago.

Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, bunduki zilienea mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Wezi wa mifugo ambao zamani walikuja na mishale sasa walikuja na bunduki, na wananchi hawakuwa na raha. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika pande za Kahama na Nzega, wanavijiji wakajipanga wenyewe chini ya wakuu wao, kwa pinde, mishale na yowe, wakajiita Sungusungu, kwa jina la wale chungu weusi waumao. Mwizi alipoonekana, yowe lilipigwa kijiji hata kijiji, na njia zote zikazibwa. Wizi wa ng'ombe ulipungua mno. Mwalimu Nyerere aliwasifu, na mwaka 1989 sheria iliyotungwa na Bunge iliwatambua.

Hivyo basi, watu wenye mishale waliwashinda watu wenye bunduki. Ni jambo la fahari. Lakini je, vikongwe walipata amani? La. Na la kusikitisha zaidi, baadhi ya vikundi vya Sungusungu vilipomaliza wezi viligeukia kuwasaka “wachawi”, vikawatenga na kuwafukuza wazee, na kuwatesa. Mwizi wa ng'ombe hujulikana kwa ng'ombe aliye naye na kwa nyayo zake. Mchawi hana nyayo. Jeshi lile lile lililofanya haki pale palipokuwa na ushahidi lilifanya dhuluma pale palipokuwa na dhana, wala silaha zake hazikubadilika.

Dhahabu na viungo vya watu

Kuanzia mwaka 2007 balaa jingine lilitokea katika nchi hii hii: mauaji ya watu wenye ualbino. (Zamani waliitwa zeruzeru, neno ambalo yafaa liachwe, kwani wengi wao huona limewatia katika jamii ya mizimu.) Kikongwe aliuawa kwa kuogopwa, hawa waliuawa kwa kutamaniwa. Waganga waliuza uongo kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta utajiri, na sokoni pa uongo huo walisimama wavuvi wa ziwani na wachimbaji wa dhahabu.

Wewe uliyewahi kufika Nyarugusu au Katoro wajua jinsi kazi ya mchimbaji mdogo ilivyo. Watu wawili huchimba mashimo yenye kutenganishwa na hatua kumi. Mmoja hufukia jasho lake na madeni juu yake, na wa pili hujenga nyumba ya bati. Kwa kweli tofauti yao ni mwamba. Dhahabu ya Geita imo ndani ya mishipa ya mawe iliyopenya katika miamba ya kale sana, nayo mishipa hiyo hukatika na kujipinda bila kumjali mtu, awe mwema au mwovu. Lakini aliyeshindwa hapendi kusikia habari za mwamba. Yeye naye huuliza “nani”: ni nani anayemzuilia, na ni nani atakayemfungulia? Mpiga ramli yupo karibu na machimbo kama alivyo karibu na msiba.

Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua mtoto wa miaka 14 wa Bukombe, na hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini. Hata hivyo mauaji hayakukoma mara moja. Februari 2015 mtoto mchanga aliporwa mikononi mwa mama yake huko Chato, akauawa. Watoto wengi walipelekwa katika vituo vya kuwahifadhi, kama kile cha Buhangija mjini Shinyanga, wakakua mbali na mama zao kana kwamba wao ndio waliokosa. Ilhali ualbino ni kupungukiwa na rangi katika ngozi, nywele na macho, na mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili, hata kama wao wenyewe ni weusi kabisa. Mama hakulala na jini. Baba asimfukuze.

Je, twakana kwamba uchawi upo?

Wanaoitafuta dini hutuuliza swali hili mara nyingi, na wanastahili jibu. Kwamba wako watu wenye nia mbaya, wanaotia sumu, wanaotisha wenzao kwa hirizi na maneno, hilo halikanushwi. Lakini Kurani Tukufu, sura ya pili, aya ya 103, inapozungumza juu ya watu wa namna hiyo inafundisha kwamba hawawezi kumdhuru yeyote pasipo idhini ya Mwenyezi Mungu. Anayelishika fundisho hilo hana haja ya kumwogopa bibi wa jirani.

Na tazama mwenendo wa Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. Katika mwaka wa 10 wa Hijra alifiwa na mwanawe mdogo Ibrahim, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakaanza kusema kwamba jua limeingia giza kwa sababu ya kifo cha mwana wa Mtume. Fikiri, ndugu msomaji: baba amefiwa, moyo wake unauma, na umati mzima unamletea maelezo yanayomtukuza. Angenyamaza tu, wangeamini. Lakini aliwakatalia, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu na havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Akamlilia mwanawe kama baba yeyote, na hakumtafuta wa kumlaumu. Kama yeye hakukubali kifo cha mwanawe kihusishwe na jua, sisi tutakubalije kifo cha mtoto wetu kihusishwe na macho ya kikongwe?

Mafundisho mengine yanakwenda pamoja na hilo. Sura ya 49 inakataza kuhukumu watu kwa dhana na kupeleleza aibu zao, na inaagiza habari iletwayo na mtu asiyeaminika ichunguzwe kwanza, wasije waaminio wakawadhuru watu pasipo kujua kisha wakajuta. Na sura ya tano, aya ya 33, inaihesabu damu ya mtu mmoja asiye na hatia kuwa sawa na damu ya watu wote.

Lakini twasema wazi kwamba wako watu walioingia katika dini, wakabadili majina na mavazi, ila swali lao la msibani wameliacha vile vile. Mchana wako msikitini au kanisani, na usiku wako kwa mpiga ramli, “ili tujue tu”. Hakuna kujua tu. Aliyekwenda kuuliza jina atarudi na jina, na hata asipofanya lolote, mdogo wake aliyemsindikiza atafanya. Wako pia wenye vilemba na wenye vitabu vya dini mikononi ambao hufanya kazi ile ile ya kutaja wachawi, wakiiita maombi au falaki. Jina la kazi limebadilika, kikongwe ni yule yule.

Basi wewe uliye Kambarage mjini, au kijijini kwenu Kishapu, siku utakapoketi msibani na jina likaanza kunong'onwa, uliza kwa sauti mtoto alipelekwa hospitali siku ya ngapi ya ugonjwa, na daktari aliandika nini katika kadi. Wengine wataudhika. Ukiombwa mchango wa safari ya kwenda “kuangalia”, ukatae. Na kama aliyetajwa ni mtu wa jirani yako, nenda kaketi kwake mchana kweupe, ule chakula chake, watu wakuone. Mama mwenye heshima akiketi mara kwa mara katika ua wa mjane aliyeshukiwa, minong'ono hupata kizuizi.

Lililo gumu kuliko yote ni ushahidi, na hatutaki kulirahisisha. Anayejua ni nani alikuja kwa baiskeli usiku ule huogopa kukatwa yeye. Kwa sababu ya hofu hiyo, Machi 2009 serikali ya Rais Kikwete iliendesha kura za siri katika mikoa ya kanda ya ziwa, wananchi waandike majina ya wanaowashuku kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Nia ilikuwa njema. Lakini karatasi isiyo na jina la mwandishi huweza kubeba chuki kama ibebavyo ukweli, na jina lililotiwa sandukuni pasipo ushahidi si mbali sana na jina lililotoka kwenye maji ya mpiga ramli. Hukumu ya Kahama, miezi sita baadaye, ilisimama juu ya vitu vilivyoonekana na maneno yaliyosemwa hadharani mbele ya jaji, na watuhumiwa wakiwapo na kujibu.